Mwalimu Nepa na Miaka Thelathini na Minne ya Kukanusha

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, mwalimu wetu wa Kifaransa anastaafu baada ya kufundisha hapa shuleni kwa miaka thelathini na minne. Alikuja kushika nafasi ya mwenzetu aliyekwenda likizo ya uzazi, kwa muhula mmoja tu. Mwenye likizo akahamia kwingine, na muhula ule haujaisha mpaka leo.

Wanafunzi humwita Mwalimu Nepa. Jina hilo lilizaliwa katika somo lake la kukanusha. Kifaransa hutaka maneno mawili ili kukataa: "ne" mbele ya kitenzi na "pas" nyuma yake, na hilo la pili hutamkwa "pa". Badala ya kuandika kanuni ubaoni, yeye huwaita wanafunzi watatu mbele ya darasa. Wa katikati ndiye kitenzi. Wengine wawili humbana, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama walinzi waliomkamata mwizi wa kuku. "Je parle", ninasema. "Je ne parle pas", sisemi. Mlinzi wa nyuma akizubaa, kitenzi kina ruhusa ya kutoroka mpaka mlangoni. Mimi hufundisha hisabati chumba cha pili, na kwa miaka kumi na tisa nimegawanya namba huku ukuta ukitikisika kwa vicheko.

Wanaolalamika kwamba Kifaransa kina makuu yeye huwarudisha kwenye lugha ya nyumbani. Huwaambia kwamba hata Kiswahili humkamata kitenzi kichwa na mkia: anasoma, hasomi. Nyani haoni kundule.

Nje ya darasa, kukataa kulimshinda kabisa. Ukimwomba akushikie kipindi, anashika. Mwaka mmoja alikuwa na funguo za maktaba, sanduku la huduma ya kwanza na kwaya, ilhali sauti yake yeye mwenyewe huionea huruma. Mumewe, fundi cherehani, aliwahi kutuambia kwamba Jumapili humfichia simu, asije akakubali jambo jingine.

Kwa hiyo hakuna aliyetarajia yaliyotokea miaka kumi na mmoja iliyopita. Darasa la mtihani lilikuwa na binti mwenye kigugumizi. Mkuu wa shule wa wakati huo, kwa kuhofia wastani wa matokeo, aliagiza jina lake liondolewe kwenye mtihani wa mazungumzo ya Kifaransa. Aliyasema hayo katika chumba cha walimu, nasi sote, nakiri kwa aibu, tukainamia madaftari yetu. Mwalimu Nepa akasimama.

"Siliondoi, Mkuu," alisema kwa sauti ya chini. "Ukiliondoa lake, ondoa na langu."

Jina lilibaki.

Kwa wiki saba, kila baada ya vipindi, yeye na binti huyo walijifungia maabara. Hakumfundisha kusema haraka. Alimfundisha kutoona haya kunyamaza kwanza, avute pumzi, kisha aianze sentensi yake bila kujali ni nani anayetazama saa. Siku ya mtihani, mtahini alimuuliza kama anaogopa. Kikapita kimya kirefu. Mwalimu Nepa, aliyejibanza kwenye korido chini ya dirisha, alisikia kila sekunde yake. Kisha jibu likatoka, polepole, bila kuachwa hata herufi: "Je n'ai pas peur." Siogopi.

Tulimkuta mwenzetu akifuta machozi kwa kifutio cha ubao, uso mzima umejaa chaki. Binti hakuongoza darasa, lakini alifaulu. Leo anapokea simu hotelini, kwa lugha tatu.

Vipindi vya Mwalimu Nepa sasa vimegawiwa walimu wawili, na wote wameanza kulalamika. Yeye ametuambia kwamba atajifunza kuendesha baiskeli, jambo ambalo hakuwahi kulipatia nafasi. Mumewe ameshaninunulia kengele ya baiskeli, nimpe kama zawadi yangu. Baiskeli yenyewe, nyekundu, iko sebuleni kwao, na wageni huipisha.

Dada yetu, asante kwa kila kipindi, chako na kile ulichotushikia. Barabara ikunyookee, breki zishike, na tukikusikia unapiga kengele nyuma yetu, tutakupisha.