Miaka Thelathini ya Kanda, na Jina la Mama Gasto

Tarehe 30 Juni 2009 Mzee Luqmani Hussein atafunga chumba cha kanda cha Kituo chetu cha Kumbukumbu za Muziki, hapa Singida, akiwa ametumikia miaka thelathini kasoro miezi miwili. Funguo atanikabidhi mimi, Belinda, ambaye mpaka leo sijui chumba kile kitakaaje bila yeye.

Amezaliwa mjini hapa, katika ukoo wa wauza vitambaa wa sokoni. Kwao hata mteja asiyenunua anasalimiwa mpaka anaona haya kuondoka mikono mitupu. Adabu hiyo alikuja nayo kazini. Agosti 1979 alipewa mashine ya kurekodia na baiskeli, akaambiwa akusanye nyimbo za mkoa mzima. Akazifuata kweli: Sekenke kwa wachimbaji, Manyoni kwa wafugaji, Rungwa kwa wafuga nyuki. Betri zikichoka alizianika juani, zikipata nguvu akaendelea. Kanda namba 88 ina jogoo anayewika katikati ya wimbo. Tulipotaka kumfuta alikataa, akasema jogoo ndiye mwenyeji na sisi tulikuwa wageni. Leo ana kanda mia nne na kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyoota ukungu.

Zama za ruksa zilipokuja na biashara kuachiwa huru, stendi ilijaa vibanda vya kurekodi kaseti. Redio za FM zikafuata, na vijana wakaacha kabisa kuulizia mali yetu. Wengine tulikata tamaa, nisiseme uongo. Yeye alifika kila asubuhi saa moja na nusu, akapangusa vumbi, akazungusha kanda zisigandane.

Machi 2008 nilichukua nyimbo sita nikaenda nazo intaneti kafe. Wimbo mmoja ulichukua karibu alasiri nzima kupanda kwenye mtandao. Mzee Luqmani alikaa pembeni yangu kama anayesubiri mgonjwa, kila baada ya muda akiuliza wimbo umefika wapi. Siku kumi na moja baadaye tulifungua ukurasa ule tukakuta watu elfu tatu wameshausikiliza wimbo mmoja tu, ule wa akina mama wa Rungwa kuwapokea warina asali. Watu elfu tatu! Huyu ni mtu aliyewahi kuendesha baiskeli kutwa nzima ili watoto arobaini wa shule moja wasikie kanda moja. Alivua kofia, akasema Subhanallah.

Mwanzoni mwa Aprili ikaja barua pepe. Redio moja ya kaskazini mwa Ulaya ilikuwa imeuona wimbo ule mtandaoni. Walitaka kuutangaza na kuutia kwenye santuri yao, ila waliomba jina kamili la mwimbaji. Wasipolipata kabla ya mwisho wa mwezi wangeandika kwamba mwimbaji hajulikani. Tukaitoa kanda. Juu yake, kwa mwandiko mzuri wa Mzee Luqmani, paliandikwa: Mama Gasto, Rungwa, 1986.

Hapo ndipo tulipokwama. Kwetu mama mtu mzima haitwi kwa jina lake, anaitwa kwa mwanawe, na Mzee Luqmani angeona afadhali alale njaa kuliko kumuuliza mama wa watu jina lake nani. Miaka yote ile hakuuliza hata mara moja. Tukapitia kabati zima: Mama Yasinta, Mama Obadia, Bibi yake Alute. Kijijini jina kama hilo linatosha, kila mtu anajua ni nani. Mtandao haumjui Gasto. Mzee aliiweka kanda mezani, akasema, “Nimewaheshimu mpaka nimewapoteza.”

Kesho yake alipanda basi la Itigi, na kutoka hapo akadandia lori la kwenda Rungwa. Mvua za mwisho zilikuwa zimeharibu njia, lori likalala kwenye tope siku mbili. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alimkuta Mama Gasto yu hai, mzee sana, anachambua mboga. Salamu zilichukua asubuhi nzima, na swali lenyewe alilitoa alasiri, kwa shida, macho chini. Yule mama alicheka kwanza. Kisha akasema aliyemwita kwa jina lake mara ya mwisho alikuwa mama yake mzazi, na jina lenyewe ni Damari. Damari Mughwai. Tarehe 28 Aprili jina lilikuwa limeshatumwa.

Tangu siku hiyo amekuwa akirudi kijiji kwa kijiji, na majina tisini na saba yamepatikana. Kwa waliokwisha kufariki, ambao hata wajukuu hawajui waliitwaje, ameandika juu ya kanda: “Jina sikuliuliza. Kosa ni langu. L.H.” Nilimsihi aifute sentensi ile, maana si yeye peke yake, ni sisi sote. Alikataa. Ninakasirika kila ninapoisoma, na ninamheshimu zaidi.

Novemba ile tulikipakua kipindi cha redio ile kutoka mtandaoni, tukakipeleka Rungwa. Mtangazaji aliongea lugha ambayo hakuna aliyeambulia neno, mpaka katikati, kwa matamshi yaliyopinda kidogo, akamtaja Damari Mughwai. Wimbo ukaanza, watu wakashangilia. Mama mwenyewe akainua mkono.

“Wimbo naujua,” alisema. “Rudisha pale kwenye jina.”

Tulirudisha mara saba. Mara ya saba alilitaja pamoja na mtangazaji.

Mzee Luqmani, tunakushukuru kwa kanda zako zote, na zaidi kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kukiri kosa akiwa na mvi na bado akapanda lori kwenda kulirekebisha. Mungu akupe afya, chai ya moto, na miaka mingi ya kukaa nyumbani na wajukuu bila kusikia honi ya gari la kazi. Wapo akina mama arobaini na mmoja ambao bado hawajafikiwa. Nenda ukapumzike, mzee wetu. Tutawaamkia vizuri, kisha tutawauliza.