Nahashon Musembi, Mkadiriaji wa Simu za Malindi

Mchungaji, wazee mliosafiri kutoka Kangundo, wazee wetu wa Msabaha na Malindi, kina mama, wafanyakazi wa simu wa zamani na wa sasa, familia inawaomba mketi vizuri, walio juani wasogee chini ya turubai, msomewe kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu Nahashon Musembi, ingawa waliomfahamu wanajua kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kueleza jambo lolote kwa ufupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 8 Aprili 1948 huko Kangundo, wilaya ya Machakos, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Musembi na mama Mueni, ambao wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kangundo kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, akaendelea na sekondari mjini Machakos hadi mwaka 1967, na walimu wake walimkumbuka kwa hesabu nzuri na mwandiko mbaya, sifa mbili ambazo alizitunza zote mpaka mwisho. Januari 1968 aliingia chuo cha mafunzo ya simu Nairobi, akahitimu mwaka 1970, akawa fundi wa nyaya Machakos, kisha Mombasa kuanzia mwaka 1974, na tarehe 3 Oktoba 1977 akahamishiwa Malindi, akavuka feri ya Kilifi na sanduku lake la bati pamoja na Kiswahili chake cha Machakos, ambacho, kama mtakavyosikia, kilikuja kumponza.

Siku hizo simu za Malindi zilikuwa za kuunganishwa kwa mkono, unainua chombo, opereta anakuuliza wamtaka nani, kisha anachomeka waya kwenye swichibodi. Miongoni mwa maopereta alikuwamo Easter Dena, mzaliwa wa hapa Msabaha, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1976, na Nahashon aliizoea sauti yake kabla hajaujua uso wake, kwa kuwa kila alipopanda nguzo kujaribu waya, Easter ndiye aliyeitika. Wenzake wanasema mwaka ule zilikuwapo nyaya nzima kabisa ambazo zilijaribiwa mara nyingi kupita kiasi. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978, wakajaliwa watoto wawili, Mueni, aliyerithi jina la bibi yake, aliyezaliwa Machi 1980, na Dena aliyezaliwa Agosti 1984, ambao wote tunao hapa.

Mwaka 1981 marehemu alipandishwa cheo akawa afisa wa makadirio wa sehemu hii yote, tangu Kilifi hadi Watamu na Malindi, na bara hadi Ganze. Wengi mlikuwa mkimwona akizunguka na baiskeli mkadhani ni mtu wa kodi ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kutabiri ni watu wangapi watahitaji simu miaka kumi mbele, kwa sababu waya wa ardhini ukifukiwa mwembamba leo, kesho barabara itachimbuliwa upya na mji utakaa ukisubiri. Kwa hiyo alihesabu misingi ya nyumba ambazo hazijainuka, akauliza madukani saruji inatokaje, akawauliza wenye hoteli za Watamu wanakusudia kuongeza vyumba vingapi, na Ganze, ambako wenzake walisema hakuna wa kumpigia mtu, aliombea zahanati laini moja na akaipata. Alikuwa akisema mteja wake wa kwanza ni mtu ambaye bado hajahamia.

Februari 1982 alitumwa kupeleleza mahitaji ya mji wa Malindi nyumba kwa nyumba, akalitunga swali mwenyewe, nalo lilikuwa hili: je, katika miaka kumi ijayo, mnatarajia kupata simu nyumbani humu? Walioishi mitaa ya watu wa bara walimjibu ndiyo, Mungu akipenda. Lakini alipofika mtaa wa Shela, kwenye nyumba kongwe za watu wenye maduka na jamaa waliotapakaa Lamu, Mombasa na Arabuni, alijibiwa hapana, tena upesi, wengine wakatema mate kifuani, na Bi Kuluthumu Abdulhalim, ambaye tumefurahi kumwona hapa, alimwambia Mungu apishe mbali, nyumba hii ni ya watu wazima wa afya, kisha akamfungia mlango. Nahashon aliandika hapana mtaa mzima, akaamini kwamba watu wa Shela wametosheka na kibanda cha simu kilicho posta, akakadiria laini mia nne kwa mji wote, na kwa laini mia nne palihitajika tu kuongeza kiti kimoja cha opereta kwenye swichibodi ile ile.

Jioni moja, wakila, alimsimulia mkewe maajabu ya Shela. Easter alicheka mpaka akaweka tonge chini, halafu akamweleza kwamba kwa wazee wa pale simu ni telegramu, ile karatasi inayoletwa na tarishi wa posta, ambayo ikibisha hodi nyumbani haileti harusi, na kwamba hiki chombo cha kuzungumzia wao wanakiita simu ya mdomo. Alimwambia, "Baba Mueni, umepita nyumba kwa nyumba ukiwauliza watu kama wanatarajia msiba."

Akarudi Shela mwezi Machi, safari hii akitaja simu ya mdomo, akakaribishwa kahawa na haluwa mpaka akashindwa kupanda baiskeli, na Bi Kuluthumu akaomba simu mbili, moja ya chini na moja ya ghorofani, kwa kuwa magoti yake hayapendi ngazi. Makadirio yaliruka hadi laini elfu moja na mia mbili. Swichibodi ya mkono haiwezi kubeba mzigo kama huo, mji ungehitaji mitambo inayojiunganisha yenyewe, na mitambo inayojiunganisha yenyewe haina haja ya opereta. Nahashon alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa na mtu. Makadirio ya kwanza yalikuwa yamekwisha pigwa chapa, na huko ofisi kuu ya Mombasa hakuna ambaye angejua kwamba yalitokana na neno lililosikika vibaya. Yakienda yale, mji ungesubiri miaka, na mkewe angebaki na kazi aliyoipenda, yakienda ya pili, mji ungepata simu na Easter angepoteza kiti. Alikaa na jalada lile akakonda, nyumbani akisingizia joto, na tarehe 5 Aprili 1982 akapeleka makadirio ya pili. Hakumwambia mkewe.

Mitambo mipya ilifunguliwa tarehe 2 Juni 1986. Maopereta wawili walihamishiwa Mombasa, na watatu, wakiwamo Easter na rafiki yake Harusi Mahadhi, ambao walikuwa na waume na watoto wadogo wasioweza kuwaacha, waliachishwa kazi. Hapo ndipo ukoo ulipofahamu kwamba makadirio yale yalitoka mkononi mwa Nahashon, na pakazuka maneno. Shemeji yake Fondo Dena, ambaye amesimama pale karibu na jeneza na hawezi kukana, alitangaza kwamba hajapata kuona mwanamume anayelizima jiko lake ili mji upate kupika, na mwaka mzima hakukanyaga kwao. Marehemu hakujitetea. Easter akaanza kuuza mahamri na mbaazi karibu na soko, na kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini Nahashon ndiye aliyembebea sufuria, akiwa amevaa tai, watu wakimcheka, naye akawaacha wacheke.

Kufikia mwaka 1988 zile laini elfu moja na mia mbili zilikuwa karibu kwisha, kumbe hata makadirio ya pili yalikuwa madogo, na jambo hilo lilimkera kuliko maneno yote ya Fondo.

Novemba 1988 marehemu alianza kuugua figo. Alitibiwa Malindi, akapelekwa Mombasa, akapata nafuu akarudi kazini, kisha Septemba mwaka huu akazidiwa na kulazwa tena. Siku chache kabla ya kufariki, Easter akiwa kando ya kitanda, alifungua lile ambalo nyumba ile haikuwahi kulizungumza, akamwambia, "Mama Mueni, hesabu ile ningeweza kuiacha kama ilivyokuwa. Nilikuuza."

Easter ametuomba tuyasome maneno aliyomjibu kama yalivyo. "Miaka sita nilikuwa nimekaa mbele ya swichibodi ile, nikijua inabeba laini ngapi. Kila siku nawaambia watu laini zimejaa, na mwingine ana mgonjwa. Nilipokwambia Shela wanaiitaje simu, kile kiti changu nilikuwa nimekwisha kukitoa mwenyewe."

Wiki hii ndugu zake walipomuuliza kwa nini basi alimwacha mumewe abebe lawama peke yake miaka yote hiyo, alijibu kwamba alimngoja Nahashon aseme kwanza, akaona aibu kumtangulia, na Nahashon naye alikuwa mwoga, na kwamba kungojana huko ndiko kunakomuuma, kiti hakimuumi. Fondo alipoyasikia hayo alichukua jembe akaenda kuungana na wachimba kaburi.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya tarehe 14 Oktoba 1989, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja, na kwa ombi lake mwenyewe tunampumzisha hapa Msabaha, upande wa ukweni, jambo ambalo wazee wa Kangundo wamelikubali kwa moyo mkubwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Malindi na Mombasa waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliolala na wafiwa, watu wa Shela waliopika wenyewe pilau wakaileta, wafanyakazi wenzake waliotuma salamu kutoka kila kituo, na Harusi Mahadhi pamoja na maopereta wote wa zamani, ambao walikuwa na sababu ya kutokuja na wamekuja. Ambao hatukuwataja, msione tumewasahau.

Pumzika kwa amani, Nahashon. Hukumuuza mtu.