Nani Atakupeleka Chooni?

Wasikilizaji wapendwa, wekeni kazi za mikono pembeni kidogo, mkae. Mimi ni Mwanahawa. Leo tunamkumbuka Agnes Kobelo, mhudumu wa wodi. Hakuwa daktari, hakuwa nesi. Mhudumu wa wodi: yule anayepiga deki, anayemwaga mikojo, anayemshika mgonjwa mkono kwenda chooni. Amefariki akiwa na miaka sitini, na kilichomuua ni kuanguka wodini. Narudia, maana waliomjua bado hawaamini. Agnes Kobelo ameuawa na kuanguka wodini.

Alizaliwa Matombo, kule milimani, jirani na misheni, mwaka thelathini na nane. Mwaka sitini na mbili akashuka mjini, akaajiriwa katika hospitali moja ya mkoa huu. Jina la hospitali sitalitaja, maana mkasa huu ungeweza kutokea wodi yoyote unayoijua. Alifanya kazi pale miaka thelathini na mitatu.

Alikuwa na mambo yake. Akishapiga deki, haondoki. Anasimama palepale palipolowa, ndoo mkononi, mpaka pakauke. Daktari akitaka kupita, anazungushwa. Kandambili za mgonjwa anazipanga chini ya kitanda, vidole vikitazama nje, ili mtu akishusha miguu azikute. Na kila mgonjwa mpya alimuuliza swali moja, mbele ya ndugu zake, bila kupepesa macho: "Nani atakupeleka chooni?"

Watu walicheka. Manesi wasichana walimwita Mama Choo. Alijua, wala hakujali.

Mwaka themanini na tisa nilimpeleka baba yangu kulazwa pale. Mama Agnes akamuuliza swali lake. Baba akasema, "Nitakwenda mwenyewe." Tuliokuwa naye ni mimi, binti yake, na mume wangu, yaani mkwe wake. Mama Agnes akatutazama sisi wawili, akaelewa. Akamwambia, "Mficha uchi hazai, baba. Hawa huwataki. Basi utaniita mimi." Wiki tatu alimpeleka yeye. Baba hakuanguka.

Unaona alichokijua? Wazee wetu hawaangushwi na udhaifu peke yake. Wanaangushwa na aibu. Mzee anasubiri mkwe asinzie, anasubiri binti atoke, halafu anashuka kitandani peke yake. Katika miaka yote ile, wodini kwake walianguka watu watatu. Aliwakumbuka kwa majina, na kila mwaka aliwaombea misa.

Mwaka tisini na tano akapunguzwa kazini. Yeye na wahudumu wenzake tisa, kwa karatasi moja iliyobandikwa mlangoni. Wakaambiwa ni mageuzi ya uchumi, na kwamba ndugu watawahudumia wagonjwa wao wenyewe. Sista Lucy, nesi aliyefanya naye kazi, anakumbuka jibu lake. "Alisema: ndugu wapo, lakini ndugu gani? Kisha akaenda kumalizia kupiga deki."

Mimi hasira yangu iko hapo, wasikilizaji. Sitaificha.

Alirudi Matombo kulima migomba yake. Machi mwaka huu presha ikampanda, akawa anaona kizunguzungu. Binti yake, Janeth, akamleta mjini, akalazwa katika wodi ileile aliyoipiga deki. Siku ya tatu Janeth akapanda Matombo kufuata chakula na nguo, alale siku moja arudi. Mnazijua mvua za mwaka huu. Barabara ikakatika. Aliyebaki kitandani kwa mama ni Ignas, mume wa Janeth. Mkwe wake.

Nilimfuata Ignas nyumbani kwake. Ni fundi baiskeli, mtu mpole. Aliongea akitazama mikono yake.

"Ilikuwa saa nane mchana," alisema. "Mama akaniambia, baba, nenda kaniletee maji ya moto. Nikashika chupa ya chai, nikaisikia nzito. Imejaa. Nilikuwa nimeijaza mwenyewe asubuhi."

Nikamuuliza, ukafanya nini?

"Nikaenda. Mama mkwe akikutuma huulizi. Nikamwaga yale maji nje, nikaenda kuchota mengine."

Mganga hajigangi. Mama aliyewafundisha wazee wa mkoa mzima kuita, yeye hakuita. Alimtuma mkwe wake maji asiyoyahitaji, ili apate nafasi ya kwenda chooni peke yake. Sakafu ilikuwa na maji ya mvua yaliyovuja darini. Hapakuwa na mtu wa kusimama palipolowa. Sista Lucy alikuwa zamu peke yake, wodi mbili. "Nilisikia kishindo," aliniambia. "Nikajua ni mtu. Sikujua ni nani." Ignas alirudi na chupa yake, akamkuta chini. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Aliishi siku kumi na moja. Siku mbili za mwanzo Janeth alikuwa bado njiani, anatembea kwa miguu kwenye tope. Ikabidi Ignas amnyanyue mama mkwe wake, amsafishe, ambadilishe shuka. Siku ya kwanza mama aligeuza uso ukutani. Siku ya pili alimtazama.

"Akaniambia: Ignas, kumbe ni jambo dogo tu."

Tulimzika Matombo wiki mbili zilizopita. Gari lilikwama, vijana wakabeba jeneza mabegani hadi kijijini. Janeth aliniambia makaburini, "Mimi simlaumu mume wangu. Lakini yeye usiku hali chakula." Janeth, Ignas, ukoo wote wa Kobelo, na Sista Lucy, poleni sana. Ignas, ndugu yangu, ulitii kama ulivyolelewa. Tafadhali kula. Mungu amlaze Mama Agnes mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkifika kwa mzazi wenu, wodini au nyumbani, msianze na uji amekunywa au hakunywa. Muulizeni swali la Mama Agnes, na jibu likiwa "nitakwenda mwenyewe", msiondoke.

Mimi jana nilimuuliza baba. Sasa ana miaka themanini na moja, anaishi kwangu. Nilidhani atanitaja mimi. Akasema, "Stambuli." Huyo ni kaka yangu, yuko Dodoma. Miaka mitatu nimekaa na baba nyumba moja, sikuwahi kujua anakwendaje chooni. Asubuhi hii, kabla sijaingia studio, nimepita stendi ya Msamvu nikampa dereva wa basi la Dodoma barua. Nimemwandikia kaka aje.