Katibu wa Shingoni kwa Mzee Isakwisa

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata padri. Mwezi Machi nilimdanganya Mzee Isakwisa, anayestaafu tarehe 30 Juni 1976 baada ya miaka ishirini na sita katika maabara ya hospitali yetu hapa Sumbawanga.

Alitoka Tukuyu akiwa kijana mwenye sweta moja, na baridi ya Ufipa ilimzoea kabla yeye hajaizoea. Wageni wote wa maabara aliwapa somo lilelile. Seli iliyoumia huvimba maji kama mlafi wa togwa. Ukiiondolea taabu mapema, hupona. Kiini chake kikishasinyaa na kuwa cheusi, itisha mazishi. Uvimbe mpole hukaa ndani ya ua wake. Saratani haina adabu: huvuka mpaka ikalima shamba la jirani, na seli zake hazifanani, kama ulezi uliopandwa na mlevi.

Kisha aliinamisha shingo. Nyuma ya kola alikuwa na uvimbe aliouita Katibu, kwa sababu ulimfuata kila mkutano na haukufanya kazi yoyote. Sote tuliubonyeza. Ulikuwa laini, ukiteleza chini ya kidole.

Mwaka huu Katibu akaanza kukua. Daktari Polikarp akamkata, akapeleka nusu Dar es Salaam, ambako majibu huchukua miezi. Nusu iliyobaki Mzee akaagiza itupwe. Mtu aliyechungulia vinyama vya mkoa mzima aliogopa kuchungulia chake! Aliacha hata kuwatania manesi, nao wakaona hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Sikuitupa. Niliikata na kuipaka rangi kama alivyonifundisha, nikamwambia ni ya mkulima wa Mtowisa. Aliinamia hadubini, mimi nikisali.

"Binti, huyo mkulima aende akalime," alisema. "Mafuta matupu! Yangekaanga maandazi ya mtaa mzima wa Kizwite."

Nilitaka kumwambia palepale. Aibu ikanishika, nikaenda kuosha vioo.

Wiki iliyopita jibu la Dar lilifika: mafuta. Mzee alicheza korido nzima, akatununulia soda, akasema, "Dar kuna wataalamu, jamani. Mimi ningejuaje?"

Ulijua, Mzee. Mkulima wa Mtowisa ni wewe.

Ahsante kwa macho yako. Tunakuombea uzee mnene, migomba mingi na shingo nyepesi. Na tafadhali, ukishasoma barua hii ya kukuaga, usimwambie mtu.