Nilibatizwa Hadi Mabegani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi wa kule nyuma mnaojipepea, Bwana asifiwe! Nitasimulia nikiwa nimeketi. Miguu yangu ilipooza nikiwa mtoto, na Mungu hakuiponya. Ushuhuda wangu si wa miguu.

Mume wangu alikuwa karani, akahamishiwa Garissa vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali, vikiwa vimepamba moto. Huko nikaokoka, nikataka kuzamishwa majini kama wenzangu. Wazee wa kanisa wakanibeba kwenye kiti hadi mto Tana. Mteremko ulikuwa mkali, na wazee wenyewe waliogopa mamba kuliko dhambi. Walinishika makwapani kama gunia la mahindi. Kitu kikatikisa maji, wakaninyanyua mbio. Lilikuwa gogo. Kichwa changu kilirudi nyumbani kikavu.

Ndugu zangu, nilikuwa nimebatizwa hadi mabegani! Wazee wakasema yatosha, Mungu anaelewa udhaifu wangu. Nikawajibu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kila nilipoomba nilijiona kama mgeni aliyeachwa mlangoni, na jambo hilo liliniuma sana. Nikataka nirudishwe mtoni, lakini askari walikuwa wameufunga ukingo wakisema shifta wanavukia pale.

Hospitalini palikuwa na nesi wa Kiyahudi kutoka ng'ambo, Sista Miriamu. Nilipomweleza hakucheka. Alisema kwao nao huzama majini, tena maji ya mvua yaliyojikusanya ardhini yanafaa kabisa, na asiyeweza kutembea hutengenezewa njia ya kushukia. Maji hayo yalikuwepo nyuma ya nyumba zetu, kwenye silanga, bwawa la kuchimbwa, ambamo jirani yetu Msomali, Halima, alinyweshea mbuzi. Nilisita kumwomba. Siku hizo sisi wa bara na Wasomali tulitazamana kwa jicho la pembeni. Halima alinisikiliza hadi mwisho, kisha akawaswaga mbuzi wake kando.

"Ingia tu, mama. Mbuzi watangoja."

Wazee wakachimba ngazi pana, wakafunga na kamba ya kushikilia. Mchungaji akaingia, na akina mama wawili wa kanisa wakanipokea. Waliogopa nitateleza, wakanibana. Sista Miriamu akawaambia kutoka ukingoni, "Lowesheni mikono kwanza. Mshikeni bila kumbana, maji yampitie kila mahali."

Nikazama nzima! Mle chini hakuna aliyenibana, na hakuna aliyeniacha. Nilitoka na tope kwenye nywele, nikilia kwa furaha, na sikujiona mgeni tena.

Ngazi ile haikufukiwa. Walikuja wajawazito, wakaja wazee wa mikongojo, akaja hata askari aliyepoteza mguu vitani, wote waliokuwa wakiambiwa Mungu anaelewa.

Kwa hayo namshukuru Mungu wangu. Siku hizi kanisa likibatiza, mimi huketishwa kwenye ngazi ya chini kabisa, majini. Wewe unayeogopa, wewe uliyeambiwa huna njia ya kushukia, mtumaini Bwana, uje. Mikono yangu imeshalowa.