Maisha ya Tapkigen, Baba wa Watoto Wake na Nyanya wa Wajukuu

Mimi ni Jentrix, mke wa Kimutai, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya Rebeka Tapkigen. Kabla sijafika alikozaliwa, ningependa kuwataja waliokuwa nyumbani kwake siku ya Jumamosi, tarehe 18 Desemba 2004, kwa sababu bila siku hiyo nisingejua niandike nini, na hata nikiwa nayo bado sijui vizuri. Walikuwepo marehemu mwenyewe, mke wake Jelagat, wana wao Kiplangat na Kimutai, Sally ambaye ni mke wa Kiplangat, na Mzee Rotich, mkubwa wa ukoo. Kutoka Kimilili walikuja baba yangu Wekoye na mdogo wake Hesbon. Mimi nilikuwa jikoni nikiwa na homa, pamoja na mtoto wangu Jerono wa miezi mitatu. Mmesikia nikisema mke wake, na sikukosea, nitaeleza nikifika hapo.

Marehemu alizaliwa karibu na Kitale, katika shamba la mzungu ambako baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe. Kitambulisho chake kinasema ni mwaka wa 1932, lakini yeye mwenyewe alituambia kwamba nzige walipokula majani yote alikuwa tayari anachunga ndama, na wazee wanasema nzige hao walipita kabla ya mwaka huo, kwa hivyo ama kitambulisho kimekosea, ama ndama walichungwa na mtu ambaye hajazaliwa. Tumeamua kuandika kwamba alikuwa na umri mkubwa.

Hakwenda shule akiwa mtoto. Mwaka wa 1981 aliingia masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, hapa Kiminini, akajifunza kuandika jina lake na kusoma zaburi mbili, na mwalimu alipohama hakutafuta mwingine, akasema zaburi mbili zinamtosha mtu mwenye ng'ombe.

Kazi yake ilikuwa mifugo na mahindi. Alikamua ng'ombe za watu kwa miaka mingi, na baada ya uhuru, mwaka wa 1966, akapata shamba hili tulilokaa leo, akalilima kwa jembe kabla ya kuweza kukodi trekta, na hakuna jirani aliyewahi kuja kuomba maziwa ya mtoto mgonjwa akarudi na chombo kitupu.

Sasa nimefika kwenye ndoa, na hapa ndipo nilipofuta mara nyingi. Mwaka wa 1945 marehemu aliolewa na Kimeli, kaka yake Mzee Rotich, wakaishi kwa amani, lakini hawakujaliwa mtoto, na Kimeli akafariki mwaka wa 1957. Kwa desturi ya Wanandi, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana, ili nyumba ya mume wake isizimike, na tangu siku ng'ombe zinapopokelewa yeye anahesabiwa kuwa mwanaume, anakaa na wazee, hapiki, habebi mzigo kichwani, na watoto watakaozaliwa na yule msichana ni watoto wake, wanamwita baba. Basi mwaka wa 1960 marehemu alimwoa Jelagat, ambaye ndiye huyu mnayemwona amekaa hapa mbele, na nyumba yao ikapata Kiplangat mwaka wa 1962 na Kimutai mwaka wa 1977. Mengine ya katikati si ya kusomwa kwa kipaza sauti.

Mimi nilikuja hapa mwaka wa 2003 nikitoka kwetu Kimilili, na sikuwa nimeambiwa lolote. Kimutai alikuwa amesema tu kwamba baba yake ni mkali kidogo. Nilifika nikaona mama mzee amevaa rinda na koti la mwanaume, ameketi kwenye kiti chenye mikono, na Kimutai akainama akasema, "Baba, nimemleta." Kwetu, upande huo wa Bungoma, mke wa kijana hamsalimii baba mkwe kwa mkono, hali chakula mbele yake, akimwona njiani anapisha, lakini mama mkwe anakaa naye jikoni wanachambua mboga. Sikujua nikimbie au nikae. Nikaamua kumwita Mzee, na nikawa napita nyuma ya nyumba nikimwona, na yeye, bila kuniuliza, akaanza kukohoa kila akikaribia jikoni ili nipate muda wa kujipanga. Huo ndio wema wake wa kwanza ninaoukumbuka.

Kwa sababu alihesabiwa mwanaume, na wanaume wa zamani hawakushika watoto wachanga, marehemu hakuwahi kumbeba Kiplangat wala Kimutai. Jelagat anasema alikuwa anasimama mlangoni akiwaangalia wakinyonya, kisha anaenda kuhesabu ng'ombe ambazo ameshazihesabu. Watoto wa Sally pia walizaliwa na kukua bila kubebwa naye.

Ndipo ikafika siku ile niliyoitaja. Baba yangu na Hesbon walikuwa wamekuja kuzungumza mahari yangu, kwa maana nilikuwa nimezaa na bado hakuna lililokuwa limesemwa, na baba aliapa kwamba safari hii asipokubaliana na baba ya kijana atarudi na mimi pamoja na mtoto. Wanaume waliketi sebuleni, marehemu kwenye kiti chake. Jelagat na Sally walikuwa nje wakinyonyoa kuku, mimi nikiwa nimelala jikoni na homa, na Jerono akaanza kulia. Alilia mpaka mazungumzo yakakatika, na nikamsikia Hesbon akisema, "Huyu mtoto analia kama ameibiwa. Hakuna mwanamke kwa hii boma?"

Marehemu alikuwa katikati ya sentensi. Aliinuka akaja jikoni, na safari hii hakukohoa. Nilijifunika uso kwa aibu, akasema, "Funika na miguu pia, una baridi," akachukua leso yangu, akamweka Jerono mgongoni, akafunga. Hakujua kufunga, alikuwa hajawahi, mtoto akaning'inia upande mmoja kama gunia linaloteleza kwa punda, lakini akanyamaza kidogo, na marehemu akarudi sebuleni hivyo hivyo, akasimama nyuma ya kiti chake akiyumbayumba, akauliza, "Tulikuwa tumefika wapi?"

Baba yangu alisema, "Samahani, mkwe. Sisi tumetoka Kimilili kuongea na baba ya kijana. Sasa tunaongea na baba ama ni yaya?"

Hesbon akacheka, lakini Mzee Rotich hakucheka, alisimama akapiga fimbo chini. "Tapkigen, weka huyo mtoto chini. Ukibeba mtoto mgongoni wewe ni mwanamke, na kama wewe ni mwanamke basi Jelagat hana bwana, na hawa vijana hawana baba, na hii mahari inaongewa na nani? Chagua, wewe ni nani?"

Jerono alikuwa ameanza tena, na marehemu akasema, "Rotich, mtoto analia na wewe unaniuliza mimi ni nani. Ngoja anyamaze nitakujibu." Wakangoja, wazee wazima, wakimwangalia akizunguka kiti akipigapiga mtoto makalioni, na mtoto alipolala kabisa, Mzee Rotich akasema haya sasa jibu, marehemu akamwambia kwa sauti ya chini, "Sasa si utaniamshia mtoto?"

Ndugu zangu, mpaka leo hilo ndilo jibu pekee tulilopata.

Aliyesema ni Jelagat. Aliingia sebuleni na manyoya ya kuku mikononi, wakati ambapo si kawaida mwanamke kuingia, akasema, "Mzee Rotich, ng'ombe zangu zilikuja kwa baba yangu, wewe mwenyewe ukizifukuza na fimbo, na nyingine zilishazaa zikafa. Mtoto akibebwa mgongoni, hizo ng'ombe zitarudi? Mimi nimeolewa. Ulizeni mengine." Baba yangu alimwangalia Jelagat, akaangalia mtoto, akamwambia mdogo wake, "Hesbon, punguza sauti, mjukuu amelala. Tuendelee." Mahari ikaongewa na ikaisha jioni hiyo, na ndiyo maana mimi nasimama hapa kama mke wa mtu.

Lakini Mzee Rotich aliondoka bila kula. Alisema akiwa langoni kwamba siku Tapkigen atakapokufa asiitwe kuonyesha mahali pa kaburi, kwa maana hatajua anazika ndugu au shemeji, na Jelagat naye hatajua analia kama mjane au kama jirani. Sisi wengine tulisahau maneno hayo kwa sababu ya furaha iliyofuata, lakini Jelagat hakusahau, kila mara marehemu akikohoa nilimwona akiangalia upande wa kwa Mzee Rotich.

Furaha hiyo sijui nianzie wapi. Kesho yake nilimfundisha kufunga leso, akaniambia nisimwambie mtu kwamba hakuwa anajua. Akambeba Jerono kila siku mpaka mtoto mwenyewe akakataa kubebwa, akabeba na wawili waliofuata. Kipkirui, mtoto wa mwisho wa Sally, alikuwa tayari darasa la tatu, na marehemu akamwita akambeba pia, miguu ikiburuta chini, ati asije akasema alirukwa. Sally aliingia ndani akalia, kisha akatoka na leso yake mpya akasema hiyo ndiyo ya kumbebea. Wajukuu walimwita Kogo, yaani nyanya, na baba zao wakaendelea kumwita Baba, kwa hivyo wakati wa chakula ungesikia "Baba, karibu," na "Kogo, sogea," mtu ni yule yule, na anaitikia yote. Meno yalipoisha, watoto walimchagulia punje laini za mahindi ya kuchoma, wakabishana ni nani atamlisha, na yeye alikuwa anafungua mdomo kwa yule aliyenyamaza. Alimwambia kila mjukuu wa kiume kwamba ndiye mume wake na wa kike kwamba ni mke mwenza, na Jelagat akawa anauliza kwa sauti, "Na mimi sasa niende wapi?"

Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, majirani walipokuwa wanaogopana na mimi nikawa mtu wa kabila lingine katika boma la watu, marehemu alihamisha kile kiti chake cha mikono, akakiweka mbele ya mlango wangu, akakaa hapo mchana kutwa na watoto wangu mapajani, na waliopita njiani walimsalimia wakaendelea na safari. Mimi nilimpelekea chai tu.

Mwezi wa Agosti mwaka huu, kijana wa kuhesabu watu alifika akauliza mkuu wa nyumba hii ni mume au mke, na Jerono, ambaye sasa ana miaka mitano, akamjibu, "Ni Kogo." Yule kijana akarudia swali, naye akarudia jibu.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Septemba, kifua kikambana na miguu ikavimba, na tarehe 20 Oktoba tukampeleka hospitali mjini Kitale. Kiplangat alimwambia muuguzi kwamba tumemleta baba yetu, na muuguzi huyo, anaitwa Wangu, alimtazama mgonjwa, akatutazama sisi, hakucheka, akasema, "Baba yenu tutamlaza huku na akina mama, kuna joto." Aliwaruhusu watoto waingie, mmoja mmoja, na marehemu, mikono ikiwa haina nguvu tena, akaomba kila mmoja alazwe kando yake kidogo ili amsikie akipumua. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Novemba 2009, asubuhi, Jelagat akiwa amemshika miguu.

Ameacha mke, wana wawili, wake zao wawili, na wajukuu ambao wamekataa kabisa kukaa kwenye viti vyao, mnawaona. Niliuliza wazee kama niandike baba au mama, mchungaji akasema niandike kweli, na kweli ni kwamba alikuwa baba ya Kimutai na nyanya ya mtoto wa Kimutai, na mimi niliyekula chakula chake miaka sita siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa Wangu, majirani walioleta kuni na maji kabla hatujaomba, wenzake wa ushirika wa maziwa, kanisa, na watu wetu wa Kimilili, baba Wekoye na Hesbon, ambao walifika wakamsalimia Jelagat wakimwita "mjane wa mkwe wetu".

Kogo, Baba, Mzee, pumzika sasa bila kazi yoyote, watoto wamelala.

Jana Ijumaa asubuhi Mzee Rotich alikuja bila kuitwa, akaonyesha kwa fimbo mahali pa kaburi, kando ya kaka yake Kimeli, na akawaambia wachimbaji waache nafasi upande wa pili, ya Jelagat.