Papa Anaclet Anatuachia Kamata Mpya

Tarehe 30 Juni, Papa Anaclet Uringi anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika ofisi yetu ya programu hapa Bunia. Alianza kwa kutengeneza printa zilizojaa vumbi la barabara ya Mongbwalu. Anaondoka akiwa fundi wa programu ambaye hata wanaomwogopa humtafuta. Na wanaomwogopa si wachache, maana mzee huyu hasalimu mtu kabla ya kumwuliza kama kazi ya jana imekwisha.

Wengi wanamjua kwa Kamata, chombo alichotunga kwa ajili yetu watengeneza programu. Kila programu huazima nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, na ikimaliza inapaswa kuirudisha. Isiporudisha, nafasi hupungua kidogo kidogo mpaka mashine inakwama. Kamata huonyesha ni mstari gani wa programu ulioazima ukanyamaza.

Zamani tulijiona hodari. Umeme ulikatika kila siku, kompyuta zikazimika, na zikiwaka tena kumbukumbu ilikuwa tupu, nafasi yote imerudi. Kisha zikaja paneli za jua na betri nzuri. Mashine zikafanya kazi wiki nzima bila kuzimwa, na programu zetu zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Tulimwita fundi wa paneli, tukamfokea bure. Papa Anaclet alicheka: "Muache huyu mutu. Courant ya kukatika-katika njo ilikuwa inatufichia makosa." Ndipo akatunga Kamata.

Lakini Kamata ya kwanza ilikuwa kaidi: programu ilibidi isimamishwe, ichunguzwe kutwa nzima. Mwaka huu programu tuliyoiandikia maabara ya hospitali moja mjini ikaanza kukwama. Mama Séphora, mkuu wa maabara, hakutaka kusikia habari ya kuisimamisha, kwa kuwa majibu ya damu ya wagonjwa yanapita humo. Alitupa mpaka mwisho wa Juni, la sivyo anarudi kwenye karatasi na sisi tunakwenda zetu.

Papa Anaclet angeweza kuandika peke yake toleo jipya, linalochunguza programu ikiwa kazini. Akakataa. Alimkalisha Jemima, mhandisi wetu, kwenye kiti chake, yeye akavuta benchi. Jemima aliandika, akafuta, akanuna. Mzee akanywa chai na kunung'unika.

Wiki iliyopita walikwenda maabara. Kamata mpya ikaingia huku Mama Séphora akiendelea kutoa majibu, na skrini ikajaa maandishi mekundu. Papa Anaclet akainuka. Jemima, bila kugeuka, akamwambia: "Papa, ikala tu. Niko naona."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akaketi. Jemima akaupata mstari, akaurekebisha, na programu ikawashwa upya wakati Mama Séphora anabadilisha glavu. Tangu siku hiyo haijakwama, na maabara imebaki nasi. Mzee alipofika ofisini alianza kukusanya vitu vyake, huku akitabasamu waziwazi.

Papa Anaclet, aksanti kwa kutufundisha na hata kwa kutugombeza. Inatuuma kukuaga. Mkeo, Mama Estelle, anakusubiri shambani Bogoro. Tunakuombea afya, mvua nzuri na usingizi wa kutosha. Ukisikia mashine imekwama mjini, endelea kulima. Jemima yuko.